Haki ya Waliokufa: Jinsi Vitabu vya Wasifu Vinavyowahukumu Viongozi wa Marekani

Wasifu wa kiongozi wa siasa hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: husimulia maisha yake, na humhukumu. Hata mwandishi anayeapa kwamba kusudi lake ni kusimulia tu, ameshahukumu pale alipochagua aanzie wapi, amsikilize nani na amwache nani nje ya mlango. Anayehukumiwa hayupo. Hawezi kujitetea, kuomba radhi wala kumshitaki aliyemsingizia. Kwa sababu hiyo, vitabu vinavyoandikwa juu ya viongozi wa Marekani vinastahili kuulizwa swali la maadili hata kabla ya swali la historia: walio hai wanadaiwa nini na waliokufa, na miongoni mwa hao waliokufa, anayedai hasa ni nani?

Sehemu ya kwanza ya swali hilo ni ya kale. Aristotle, katika kitabu chake kikuu cha maadili, alijiuliza kama heshima au fedheha inayomfuata mtu baada ya kufa inaweza kumgusa. Alikubali kwamba huenda ikamgusa kidogo, lakini si kiasi cha kumwondolea heri yule aliyeishi maisha mema. Epicurus alikataa moja kwa moja: mauti yakishafika mtu hayupo, na asiyekuwepo hadhuriki. Katika karne ya 20 mwanafalsafa wa sheria wa Marekani, Joel Feinberg, alitoa jibu jingine. Mtu akiwa hai ana maslahi ambayo hayaishii kwenye pumzi yake ya mwisho. Anataka wanawe wastawi, wasia wake ufuatwe, jina lake lisichafuliwe kwa uongo. Anayeyavunja maslahi hayo baada ya mazishi anamdhulumu yule yule aliyekuwa hai. Jibu la Feinberg lina nguvu kuliko la Epicurus, kwa kuwa linaeleza jambo ambalo kila jamii inalitenda: kuutekeleza wasia wa mtu ambaye hatajua kamwe kama umetekelezwa.

Dini nazo zina neno hapa. Uislamu umekataza kuwatukana waliokufa, na adabu za msibani katika pwani ya Afrika Mashariki zimejengwa juu ya katazo hilo: marehemu hutajwa kwa mema yake, na aibu zake husitiriwa. Lakini wanazuoni wale wale walioilinda heshima ya maiti ndio walioasisi elimu ya kuwapima wapokezi wa hadithi, nani mkweli, nani msahaulifu, nani mzushi, na kazi hiyo hawakuihesabu kuwa kusengenya. Neno la mtu likishatumika kuwaongoza walio hai, tabia ya aliyelisema haiwezi kubaki siri yake. Biblia nayo haikumsitiri Daudi. Mfalme mpendwa wa Mungu anasimama mbele ya wasomaji pamoja na Bathsheba aliyemtwaa na Uria ambaye alipanga auawe. John Mbiti, kasisi na mwanazuoni wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za Waafrika wengi marehemu hajaondoka kabisa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Kwa mtazamo wowote kati ya hiyo, marehemu ana haki zake. Lakini haki hizo si lazima ziwe sifa, na kiongozi ambaye maneno yake bado ni sheria ya nchi yuko karibu zaidi na mpokezi wa hadithi kuliko na jirani aliyezikwa jana.

Marekani ilianza na sifa. George Washington alifariki tarehe 14 Desemba 1799, na haukupita mwaka kabla kasisi mmoja aliyekuwa akizunguka na gari la farasi akiuza vitabu, Mason Locke Weems, hajachapisha wasifu wake. Kisa cha mtoto wa miaka sita aliyeukata mcheri wa baba yake kwa kishoka, kisha akashindwa kusema uongo alipoulizwa, hakikuwamo katika chapa za mwanzo. Kilitiwa katika chapa ya tano, mwaka 1806, na haujapatikana ushahidi wa kuaminika kwamba kilitokea. Weems ndiye pia aliyeeneza picha ya jenerali akisali peke yake msituni huko Valley Forge wakati jeshi lake likiteseka kwa baridi na njaa.

Si haki kumwita Weems tapeli na kuishia hapo. Aliamini kwamba taifa changa lisilo na mfalme litahitaji mtu wa kuigwa, na Plato alikuwa ameshalitetea wazo la hadithi ya kubuni inayowafaa raia zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake. Tena kitabu kilifanya kazi. Mwezi Februari 1861, akiwa njiani kwenda kuapishwa, Abraham Lincoln aliwaambia wajumbe wa Seneti ya New Jersey mjini Trenton jinsi kitabu hicho kilivyomgusa alipokisoma utotoni. Mtoto maskini wa mashambani alijifunza kitu cha kweli kutoka katika kitabu chenye uongo ndani yake.

Hata hivyo hasara ipo, nayo ni kubwa. Mtu aliyezaliwa mwema hana la kumfundisha anayehangaika kuwa mwema. Washington wa kweli alikuwa na hasira kali aliyojifunza kuizuia, alipenda mali na cheo, na alikufa akiwa ameandika wasia wa kuwaacha huru watumwa 123 waliokuwa wake, huku wengine zaidi ya 150 wa mirathi ya familia ya mkewe wakibaki utumwani. Mapambano hayo ya ndani ndiyo yenye somo. Jared Sparks, mwanahistoria aliyehariri barua za Washington katika miaka ya 1830, aliliendeleza kosa la Weems kwa njia ya kisomi: alinyoosha sarufi na kuondoa maneno yaliyoonekana hayana heshima. Pale Washington alipomtaja jenerali mwenzake Israel Putnam kwa jina la utani, Sparks aliweka cheo na jina la ukoo. Ni jambo dogo, lakini linatisha, kwa sababu msomaji alidhani anaisikia sauti ya marehemu mwenyewe.

Kulikuwa na shahidi mwingine wa ucha Mungu wa Washington, ambaye Weems hakumfikiria. Ona Judge alikuwa mtumwa wa mirathi ya Martha Washington na msichana wake wa chumbani. Alipojua kwamba atatolewa zawadi ya harusi kwa mjukuu wa Martha, alipanga safari yake. Jioni moja ya Mei 1796, mjini Philadelphia, familia ya rais ikiwa mezani inakula, alitoka nje ya nyumba na hakurudi tena. Washington alijaribu zaidi ya mara moja kumrudisha, akashindwa. Alipokuwa bibi kizee huko New Hampshire, katika miaka ya 1840, Ona Judge alihojiwa na magazeti ya wapinga utumwa. Alisema kwamba habari za sala na ucha Mungu wa bwana wake, kwa kadiri alivyoona na kusikia ndani ya nyumba ile, hazikuwa na msingi. Alipoulizwa kama anajuta kuyaacha maisha ya ikulu kwa kazi ngumu na umaskini, alikataa: alikuwa huru, na katika uhuru huo alimpata Mungu. Alikufa mwaka 1848, kwa mujibu wa sheria bado akiwa mali iliyotoroka. Mwanahistoria Erica Armstrong Dunbar alimwandikia kitabu kizima mwaka 2017, miaka 221 baada ya jioni ile.

Ushahidi wa Ona Judge haufungi hoja kuhusu imani ya Washington. Mtumishi haoni kila kitu, na mtu anaweza kusali asipoonwa. Lakini yeye aliishi katika nyumba ile, na Weems hakuishi humo.

Dini ndiyo iliyozua ugomvi mkali zaidi juu ya Lincoln. Alipigwa risasi usiku wa Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, akafa asubuhi iliyofuata, na siku ya Pasaka makanisa ya Kaskazini yalijaa mahubiri yaliyomfananisha na Musa na hata na Kristo. Mwaka uliofuata Josiah Holland alichapisha wasifu uliomwonyesha kuwa Mkristo wa kuigwa. William Herndon, aliyekuwa mshirika wake katika ofisi ya uwakili huko Springfield kwa miaka mingi, alikasirika. Yeye alimjua Lincoln ambaye hakuwahi kujiunga rasmi na kanisa lolote na ambaye ujanani alisoma vitabu vya waliokosoa dini. Herndon alianza kukusanya barua na mahojiano ya zaidi ya watu mia mbili waliomfahamu Lincoln tangu utotoni, majirani, ndugu, mahasimu, na kitabu chake kilitoka mwaka 1889 kwa msaada wa Jesse Weik. Humo mna ndoa yenye misukosuko, mna huzuni nzito isiyoisha, mna uvumi kuhusu nasaba ya mama yake. Wengi walikiona kitabu hicho kuwa ni usaliti wa rafiki.

Upande wa pili walisimama John Nicolay na John Hay, makatibu wa Lincoln katika Ikulu. Robert, mwana wa marehemu, aliwaruhusu kutumia karatasi za baba yake kwa sharti kwamba atapitia walichoandika, na alipunguza makali hasa pale babu yake alipoonekana duni. Juzuu kumi zilitoka mwaka 1890. Kisha karatasi zile zilifungiwa katika Maktaba ya Bunge kwa sharti maalumu. Zilitakiwa kubaki zimefungwa hadi itimie miaka 21 baada ya kifo cha Robert, na zilifunguliwa Julai 1947.

Kati ya rafiki aliyesema mengi mno na familia iliyosema machache mno, nani alimtendea haki marehemu? Herndon alikosea mara nyingi, hasa alipoanza kueleza yaliyomo moyoni mwa watu, lakini aliwaachia wasomaji ushahidi wenyewe, na wanahistoria wanaendelea kuutumia na kuupima. Familia ililinda jina, ikamnyima Lincoln kina chake. Hotuba yake ya kuapishwa mara ya pili, Machi 1865, inayokiri kwamba pande mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe ziliomba kwa Mungu mmoja na kwamba makusudi ya Mungu ni yake mwenyewe, haisomeki vizuri kama imetoka kwa mtu asiyewahi kuwa na shaka. Nguvu yake inatoka kwa mtu aliyeifikia imani yake, ya namna yoyote ile, kwa njia ndefu.

Hukumu iliyo bora kuliko zote juu ya Lincoln ilitolewa kwenye jukwaa. Tarehe 14 Aprili 1876, katika mji mkuu wa Marekani, ilizinduliwa sanamu ya Lincoln iliyogharimiwa na michango ya watu waliokuwa watumwa. Mchango wa kwanza, dola 5, ulitolewa na mwanamke aliyeitwa Charlotte Scott. Rais Ulysses Grant alikuwepo. Mzungumzaji alikuwa Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland na aliyemfahamu Lincoln ana kwa ana. Mbele ya umati uliokuja kusikia sifa, Douglass alieleza kwamba Lincoln alikuwa kwanza rais wa watu weupe, na kwamba watu weusi kwake walikuwa kama watoto wa kambo. Kisha akaweka vipimo viwili. Kwa kipimo cha waliotaka utumwa ukomeshwe mara moja, Lincoln alikuwa mzito na baridi. Kwa kipimo cha nchi aliyopaswa kuiongoza na kuishawishi, alikuwa mwepesi na mwenye ari. Douglass hakuchagua kimoja akakitupa kingine. Alivishika vyote viwili, akashukuru, na shukrani yake ina thamani kwa sababu haikuficha kitu. Vitabu vingi vinene vilivyoandikwa baadaye havikufika pale hotuba ile ilipofika kwa mchana mmoja.

Suala la nani aaminiwe lilijitokeza wazi zaidi katika habari za Thomas Jefferson. Mwaka 1802 mwandishi wa gazeti James Callender, aliyekuwa na chuki yake binafsi, alichapisha huko Richmond kwamba rais amezaa na mtumwa wake aitwaye Sally. Jefferson hakujibu hadharani. Sally Hemings alikuwa ndugu wa baba mmoja na marehemu mke wa Jefferson. Alipelekwa Paris mwaka 1787, akiwa na umri wa miaka kama 14, na alirudi Virginia pamoja na Jefferson mwaka 1789. Mwaka 1873 mwanawe Madison, wakati huo fundi seremala na mkulima huko Ohio, alilisimulia gazeti la kwao maisha yake. Alisema waziwazi kwamba baba yake alikuwa Jefferson, na kwamba mama yake alikubali kutoka Ufaransa, alikoweza kudai uhuru, baada ya kuahidiwa kwamba watoto wake wataachwa huru wakifika umri wa miaka 21.

Wajukuu weupe wa Jefferson walikuwa na maelezo mengine: wahusika walikuwa wapwa wa Jefferson, akina Carr. Kwa zaidi ya karne moja waandishi wa wasifu waliyapokea maelezo hayo. Dumas Malone, aliyetumia miongo mingi kuandika juzuu sita kuhusu Jefferson, kuanzia 1948 hadi 1981, aliona tuhuma hiyo haiendani na tabia ya mtu aliyemfahamu kutoka katika karatasi zake. Fawn Brodie alipoikubali mwaka 1974, wasomi wengi walimbeza. Kejeli zenyewe hazikuwa na hoja nyingi.

Annette Gordon-Reed, mwanasheria, alichapisha kitabu chake mwaka 1997. Hakuanza kwa kudai kwamba anajua kilichotokea. Alichukua kila ushahidi na kuuliza umepimwa kwa mizani gani. Madison alikataliwa kwa kuwa alikuwa na maslahi: nani asingependa kuwa mwana wa rais? Basi wajukuu weupe hawakuwa na maslahi? Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini wanahistoria walikuwa wameiona mikono ya upande mmoja tu. Tena mengi aliyoyasema Madison yalithibitishwa na karatasi za Jefferson mwenyewe. Orodha ya safari za Jefferson, iliyopangwa na Malone kwa uangalifu mkubwa, ilionyesha kwamba alikuwa nyumbani Monticello miezi tisa kabla ya kila mtoto wa Sally kuzaliwa. Watoto wake wanne waliokua wote walipata uhuru: wawili waliachwa waondoke mwaka 1822, na Madison na Eston walitajwa katika wasia wa 1826. Katika watumwa zaidi ya 600 ambao Jefferson alimiliki maishani mwake, hakuna familia nyingine ya watumwa iliyotendewa hivyo.

Mwezi Novemba 1998 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya vipimo vya vinasaba. Uzao wa kiume wa Eston ulilingana na ukoo wa Jefferson, na haukulingana na ule wa akina Carr. Vipimo peke yake haviwezi kumtaja mtu mmoja ndani ya ukoo, na wapo wanaopinga mpaka leo. Lakini mwaka 2000 taasisi inayoitunza Monticello ilikubali kwamba kuna uwezekano mkubwa Jefferson ndiye aliyekuwa baba wa Eston, na yaelekea wa watoto wote sita, na mwaka 2018 ilifungua chumba cha maonyesho kuhusu maisha ya Sally Hemings. La kuzingatia ni kwamba Gordon-Reed aliifikia hoja yake kabla ya maabara. Karatasi zote zilikuwapo. Kilichopungua kilikuwa utayari wa kumhesabu mtumwa wa zamani kuwa shahidi kama mashahidi wengine, na upungufu huo ulikuwa wa kimaadili, ukajificha ndani ya mavazi ya usomi.

Hapa huinuliwa utetezi unaorudiwa kuliko wote: watu wa kale wasihukumiwe kwa vipimo vya leo. Utetezi huu una ukweli ndani yake. Hakuna mtu anayechagua karne ya kuzaliwa, na ni rahisi kuwa jasiri dhidi ya maovu ambayo wengine walishayakomesha. Lakini unadhani kwamba zama zile zilikuwa na sauti moja, na sivyo. Mwaka 1791 Benjamin Banneker, mtu mweusi huru na mtaalamu wa nyota, alimwandikia Jefferson akimkumbusha maneno yake mwenyewe katika Azimio la Uhuru. Mwaka huo huo Robert Carter wa Virginia, tajiri wa tabaka lile lile, alianza utaratibu wa kuwaacha huru watumwa wake zaidi ya 450. Mwaka 1814 kijana Edward Coles alimsihi Jefferson kwa barua aongoze njia. Jefferson akajibu kwamba kazi hiyo ni ya vijana. Coles aliwachukua watumwa wake hadi Illinois mwaka 1819 na kuwapa uhuru. Juu ya wote hao, watumwa wenyewe walikuwa watu wa zama zile zile, na kipimo chao kilijulikana vizuri: waliokuwa na nafasi walitoroka. Baada ya Jefferson kufa, watu 130 waliuzwa kwa mnada Monticello mwezi Januari 1827 kulipa madeni yake. Hakuna haja ya kuazima kipimo kutoka karne ya 21. Waliosimama kwenye mnada ule walikuwa nacho.

Jefferson mwenyewe alijaribu kuiwahi hukumu. Aliandika maneno ya kuchongwa juu ya kaburi lake na kuagiza yasiongezwe: mwandishi wa Azimio la Uhuru, mwandishi wa sheria ya Virginia ya uhuru wa dini, na baba wa Chuo Kikuu cha Virginia. Urais hakuutaja. Mambo matatu aliyoyachagua ni ya kweli na ni makubwa, na wasifu wa haki hauyafuti. Watumwa walipodai uhuru, wengi walidai kwa maneno yake.

Kuna dhuluma nyingine inayotendwa bila neno la uongo hata moja. Arthur Schlesinger alipata Tuzo ya Pulitzer kwa kitabu cha 1945 kuhusu zama za Rais Andrew Jackson, kitabu chenye akili na bidii kinachomwonyesha Jackson kuwa mtetezi wa wanyonge mbele ya matajiri. Kufukuzwa kwa wenyeji wa asili katika ardhi yao, kwa sheria aliyoisukuma Jackson mwaka 1830, karibu hakumo. Katika safari ya kulazimishwa ya Wacherokee ya 1838 na 1839 walikufa watu wapatao 4,000. Kila sentensi katika kitabu inaweza kuwa sahihi na picha nzima ikawa na kasoro. Grant alipatwa na kinyume chake. Wanahistoria wa mwanzo wa karne ya 20, waliouona utawala wa Kusini baada ya vita kuwa ni kosa la kuwapa watu weusi kura, walimkumbuka kwa ulevi na ufisadi wa waliomzunguka, wakayaacha mashitaka aliyoyaelekeza dhidi ya kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan. W.E.B. Du Bois aliwakosoa wanahistoria hao mwaka 1935 katika sura ya mwisho ya kitabu chake kuhusu kipindi hicho, na hawakumsikiliza. Ilipofika 2017, Ron Chernow alipoandika wasifu mpana wa Grant, mashitaka hayo ndiyo yaliyobeba kitabu. Matendo ya Grant hayakubadilika. Walioanza kuhesabiwa ni wale aliowalinda.

Mwandishi wa wasifu Robert Caro ndiye aliyeifanya kanuni hii ya kuwahesabu walioguswa na mamlaka kuwa njia ya kazi. Tangu miaka ya 1970 amekuwa akiandika habari za Rais Lyndon Johnson, na juzuu nne zimetoka, ya kwanza mwaka 1982. Ili kumwelewa, Caro na mkewe Ina walihamia mashambani mwa Texas alikokulia Johnson wakakaa huko karibu miaka mitatu. Wanawake wazee wa huko walimweleza maisha ya kabla ya umeme. Mmoja alimtolea ndoo ya zamani yenye kamba, akamwambia aishushe kisimani na kuivuta. Uzito wa ndoo ile ulimfundisha Caro kitu ambacho hakikuwa katika hifadhi yoyote ya nyaraka: kwa nini migongo ya wanawake wale ilikuwa imepinda wangali vijana, na kijana mbunge aliyewaletea umeme alikuwa na maana gani kwao.

Siku nyingine alimchukua Sam Houston, mdogo wake Johnson, hadi katika nyumba ya utoto wao, iliyokuwa imefanywa makumbusho, baada ya wageni kuondoka. Alimketisha mezani mahali pale pale alipokuwa akikaa alipokuwa mtoto, naye Caro akakaa nyuma yake asionekane. Alimwomba akumbuke magomvi ya baba na kaka yake wakati wa chakula, na yalikuja, kwanza taratibu, kisha kwa sauti. Caro akamwomba arudie vile visa vizuri vya utotoni ambavyo yeye na wengine walikuwa wakivisimulia miaka yote. Sam Houston akasema hawezi, kwa sababu havikutokea.

Matokeo ya kazi hiyo ni mtu asiyeweza kuwekwa upande mmoja. Johnson yule yule aliyeshinda uchaguzi wa chama wa 1948 kwa kura 87, baada ya majina kama 200 kuongezwa katika sanduku moja la kura, kwa wino mmoja na kwa mpangilio wa alfabeti, ndiye aliyepitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Aliiba kura, kisha akawapa kura mamilioni walionyimwa. Caro mwenyewe hakuepuka kila mtego. Katika juzuu ya pili alimpamba sana Coke Stevenson, mshindani wa Johnson, apate mtu mwema wa kumsimamisha mbele ya mwovu, na wakosoaji walimkumbusha kwamba Stevenson alikuwa mtetezi wa ubaguzi wa rangi.

Linabaki swali la mpaka: moyo wa mtu mwingine unaweza kujulikana kiasi gani? Edmund Morris, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1940, alikuwa ameshapata Tuzo ya Pulitzer kwa juzuu ya kwanza kuhusu Theodore Roosevelt alipopewa ruhusa ya nadra ya kumfuata Ronald Reagan angali madarakani. Kwa miaka mingi alimtazama, akamhoji, akasoma shajara zake, na bado hakumwona mtu aliye nyuma ya tabasamu. Kitabu chake cha 1999 kilimweka mwandishi ndani ya simulizi kama mtu wa kubuni aliyekua pamoja na Reagan na kumshuhudia tangu ujana. Alichotaka kukieleza kilikuwa cha kweli, kwamba Reagan alikuwa na mlango usiofunguka. Lakini alipouona mlango umefungwa, alichora dirisha ukutani, na msomaji hakujua tena anatazama nini. Kukiri kwamba jambo fulani halijulikani ni sehemu ya haki ya marehemu: hakuna aliyehukumiwa anayestahili shahidi wa kubuni, hata kama shahidi huyo anampenda. Juzuu tatu za Morris kuhusu Roosevelt, alizozikamilisha mwaka 2010 bila msimulizi wa kubuni, zinaendelea kutegemewa na wasomi. Kile cha Reagan kimebaki kuwa onyo kwa waandishi.